Saa ya Maji Kusimama

Tope la mikoko linanuka yai viza. Nililijua hilo miaka mingi kabla ya kulinusa, kwa sababu baba yangu alinieleza, na baba yangu alikuwa mtu wa kueleza kitu mpaka ukione. Mwaka jana ndipo nilipolinusa mwenyewe. Tulikwenda pwani ya kusini kumposea mpwa wangu, gari likasimama ukingoni mwa mkono wa bahari ambao maji yake yalikuwa yameshatoka, na wenzangu wote wakaziba pua kwa mitandio. Mimi niliteremka. Nilisimama pale na viatu vyangu vya shughuli nikivuta pumzi, mpaka dereva akawauliza wengine kama yule mama yuko salama. Nilikuwa salama kabisa. Nilikuwa Bagara, Babati, mbele ya mlango wa jiko letu, nina umri wa miaka kumi na mkononi nimeshika chaki.

Sisi tuliokua miaka ile hatuna haja ya kukumbushana sana. Sukari ilikuja kwa orodha ya balozi wa nyumba kumi, na mara nyingi orodha ilikuja peke yake. Nguo zilifuliwa kwa majivu na majani ya mpapai. Tulikula ugali wa unga wa yanga, ule wa njano, tukaapa kwamba tukiwa wakubwa hatutaugusa, na mimi kiapo hicho nimekitimiza. Betri za redio tulizianika juani ukutani ili tupate walau taarifa ya habari moja zaidi. Hata hivyo sikumbuki kujiona maskini. Waliokuwa na sukari niliwajua kwa majina, na hawakuzidi wawili.

Baba alikuwa fundi wa injini. Kwao ni huko ambako mto mkubwa unagawanyika na kumwaga maji baharini kwa njia nyingi, na bahari nayo inajipenyeza nchi kavu kwa mikono mirefu yenye mikoko pande zote mbili. Kulikuwa na boti ya kupelekea dawa vijijini, na yeye ndiye aliyeiendesha na kuitengeneza. Boti ilipokufa kabisa, akahamishiwa Babati kusimamia pampu ya maji. Nadhani aliyeandika ile barua ya uhamisho aliona kwamba injini ni injini na maji ni maji. Tatizo ni kwamba pampu yenyewe ilitaka dizeli, na dizeli ilikuwa habari ya redioni tu. Kila asubuhi Baba alikwenda kazini, akaipangusa pampu vumbi, akaigusa hapa na pale, akarudi. Wanawake waliokuwa wakipita na ndoo kutoka ziwani walimtania, “Mswahili, leo imekohoa?” Naye alijibu kwamba imepiga chafya, kesho itakohoa.

Alimkuta Mama hapo hapo mjini. Mama alikuwa ameshuka kutoka juu Mbulu kuja kulima mahindi na mbaazi kwenye shamba la kaka yake, na bahari hakuwahi kuiona hata siku moja. Walipata mtoto mmoja, mimi, nikapewa jina la mama yake Baba, yaani Rehema. Kwa sababu hiyo Baba hakuniita kwa jina ila akiwa amekasirika. Siku za amani aliniita mama.

Kila asubuhi, kabla ya chai ya rangi isiyo na sukari, Baba aliandika kwenye mlango wa jiko. Mlango ulikuwa wa mbao nyeusi kwa moshi, na chaki alipewa na mwalimu mmoja aliyekuwa akitengenezewa baiskeli. Aliandika juu saa ambayo maji huko kwao yatasimama yakiwa yametoka, na chini saa ambayo yatasimama yakiwa yamejaa. Halafu alikunywa chai. Saa ile ya juu ikifika akiwa nyumbani, alinyamaza popote alipo, hata kama tonge liko njiani kwenda mdomoni. Aliitazama saa yake ya mkononi kwa dakika chache. Kisha alisema, “Haya, ameshapanda,” akaendelea na alichokuwa akikifanya.

Aliyepanda ukingo wa ng'ambo ni Bibi, mama yake. Nyumba yake ilikuwa upande mmoja wa mkono wa bahari na shamba lake la mpunga lilikuwa upande wa pili, na kila siku ya kilimo ilimbidi avuke. Siku za bamvua, mwezi unapokuwa mchanga kabisa au mpevu, maji hutoka sana, kwa hiyo alivuka kwa miguu, kanga imekunjwa juu ya magoti. Siku za maji mafu, katikati hapo, alivushwa kwa mtumbwi. Namna yoyote iwayo, alingoja maji yasimame. Baba alinifundisha hesabu yake nikiwa darasa la tatu, nami niliishika haraka kwa kuwa nilipenda kujua vitu ambavyo watoto wengine wa Bagara hawavijui.

“Siku ya kwanza mwezi ukiandama, saa nne na nusu asubuhi,” alisema. “Kila siku ongeza robo tatu za saa na dakika tatu, yaani dakika arobaini na nane. Siku tano, unaongeza kiasi gani?”

“Saa nne.”

“Siku kumi na tano?”

“Saa kumi na mbili. Inarudi palepale.”

“Umeona? Mwezi mpevu ni sawa na mwezi mchanga. Sasa, nje baharini maji husimama saa nne kamili. Ile nusu ya nini?”

“Ya mkono.”

“Ya mkono. Bahari ikisimama nje, ndani ya mkono maji bado yanakimbia kutoka. Yanatoka mbali, yana haraka zao. Ukingoni utaona yametulia, ukiingia katikati yanakubeba. Ngoja nusu saa. Tupa jani. Likielea mahali pamoja, halijui liende wapi, hapo vuka.”

Alinionya pia kwamba hesabu ikikaa muda mrefu inachacha, kwa hiyo kila mwezi unapoandama lazima uuone kwa macho na kuanza upya. “Na kama hukuuona, usibahatishe,” alisema. “Maji hayana mchezo na mtu anayebahatisha.”

Haya yote niliyaelewa vizuri. Nilichokosea ni kimoja tu, na hakuna mtu aliyejua kwamba nimekosea, kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Nilidhani Baba akiandika ndipo maji yanasimama. Sikuona ajabu yoyote. Mwalimu mkuu akiandika saa ya kengele ubaoni, kengele inagongwa saa hiyo. Balozi akiandika jina lako, unapata sukari, asipoliandika hupati. Kwa nini Baba aandike kila siku ya Mungu, miaka yote ile, kama kuandika kwenyewe hakufanyi kitu?

Nilifanya uchunguzi kabisa. Siku moja ya likizo mlango ulisema saa nne na nusu, nikaenda ziwani wakati huo na jani la mbaazi. Ziwa Babati lilikuwa limetulia, hata matete hayakutikisika. Nilitupa jani. Likakaa pale pale, halijui liende wapi. Nilirudi nyumbani mbio nikiwa na hakika kwamba baba yangu anasimamisha maji ya dunia nzima. Ningekwenda saa kumi, upepo ukivuma, labda ningejifunza jambo jingine, lakini saa kumi nilikuwa na zamu ya kutafuta kuni.

Kisha ikaja barua. Ilisema Bibi ni mgonjwa, hali si nzuri, na mwanawe aje. Baba aliisoma amesimama, akaipindua nyuma kuona kama kuna zaidi.

“Imeandikwa lini?” Mama aliuliza.

“Wiki tano.”

“Wiki tano, Baba Rehema. Basi ama ameshapona, ama…”

“Mama Rehema, tafadhali. Usilimalizie.”

Mama aliinuka. Alikwenda ndani akatoa mahindi ya mbegu, akayakaanga yawe chakula cha njiani, na hilo kwa mwanamke wa Mbulu si jambo dogo. Ruhusa ilichukua siku nne na kupata lori likachukua tatu nyingine, kwa kuwa magari yenyewe yalikuwa yakingoja mafuta. Siku aliyoondoka mwezi ulikuwa mpevu. Lori lilikuwa la mahindi, linapitia Bonga kuelekea Dodoma, na kutoka huko angejua mbele kwa mbele. Kabla hajapanda alinichutamia, akanipa kipande cha chaki kilichobaki.

“Sasa wewe ndiye mwenye mlango, mama. Usiruke siku. Mwezi ukiandama, uone, uanze upya.”

“Na wewe?”

“Mimi nikifika pale nitavuka kwa saa yako.”

Alicheka akanivuta sikio. Sikucheka. Lori lilipoondoka nilikuwa nimeishika ile chaki kwa mikono miwili.

Niliandika kila siku. Niliamka kabla ya Mama, nikapiga hesabu kwenye udongo kwa kijiti, nikaihakikisha mara mbili, nikaandika. Shuleni, saa ile ikifika, nilinyamaza kama yeye, hata mwalimu alipokuwa akiniuliza swali, na siku moja nilichapwa kwa ajili hiyo. Sikujali. Nilijua kwamba mbali huko kuna mwanamume anayekaribia ukingo, na kwamba siku atakayofika maji yatatazama mlango wetu.

Mwezi ulipokaribia kuandama ilikuwa masika imekaza. Mwezi mchanga kwetu huonekana magharibi, juu ya milima ya Mbulu, kwao Mama, na milima hiyo haikuonekana kwa mawingu. Jioni ya kwanza nilisimama uani tangu jua lilipozama, shingo inaniuma. Mvua ilikuwa inakuja, naisikia inapiga mabati ya nyumba za mbali. Mama aliniita mara mbili. Mara ya tatu alitoka mwenyewe.

“Unafanya nini?”

“Nangoja mwezi.”

“Mwezi? Nimeuona mimi sasa hivi, nilipokuwa natoa kuni. Uko kule juu ya kwetu. Umejificha tena. Ingia ule.”

Niliingia nikala kwa furaha. Asubuhi niliufuta mlango kwa kitambaa chenye maji, nikaanza upya, saa nne na nusu. Kesho yake niliandika saa tano na dakika kumi na nane.

Jioni ya siku hiyo ya pili mvua ilikatika na mawingu yakafunguka upande wa magharibi. Nilikuwa napepeta mchele wa akiba ya wageni, nikainua kichwa, nikauona. Ulikuwa mwembamba mno, uko chini kabisa, unataka kuzama. Mwezi wa siku tatu hauwi hivyo. Ule ulikuwa unaandama jioni ile ile, sasa hivi, mbele ya macho yangu.

“Mama, uliuona wapi?”

“Nini?”

“Mwezi! Juzi! Ulisema umeuona!”

Mama alifikiri kidogo. Alikuwa amesahau kabisa. “Aa. Mvua ilikuwa inakuja, Rehema, na chakula kinapoa. Nilitaka uingie. Mwezi si umetoka? Ndio huo.”

Sikuweza kumweleza. Leo ningeweza kumweleza mtu yeyote, lakini siku ile niliachia ungo ukaanguka na mchele ukamwagika matopeni, na kwa mchele huo nilipata vibao viwili ambavyo sikuvisikia. Nilikuwa napiga hesabu. Siku mbili nimeandika saa ya uongo. Nimeichelewesha kwa saa moja na nusu na zaidi. Kama Baba alifika ukingoni katika siku hizo mbili, atakuwa aliingia majini saa ile niliyoandika, na maji yalikuwa hayajui tena kama yasimame au yakimbie.

Niliurekebisha mlango asubuhi. Niliandika kwa herufi kubwa. Lakini kilichopita kimepita, na hilo hata mtoto anajua.

Baada ya hapo kilikuja kimya. Wiki moja, mbili, nne. Barua hazikuja, na hatukutegemea zije haraka, lakini kimya hicho kila mtu alikitafsiri anavyojua. Mama Yohana, jirani yetu, alikitafsiri waziwazi. Alikuja kuazima ungo, akaketi, akasema, “Mama Rehema, mimi sisemi kitu. Lakini mtu wa pwani akirudi pwani, jamani. Huku alikuwa na pampu mbovu na ugali wa yanga. Arudi kufanya nini?”

“Atarudi,” Mama alisema.

“Nani kasema harudi? Mimi sisemi kitu.”

Nilimtazama Mama akichambua mbaazi. Vidole vyake viliendelea, ila mbovu na nzima alikuwa anazitia chombo kimoja. Nilitamani nimwambie asiogope hilo, kwamba Baba hakutukimbia, kwamba mimi ndiye niliyemzamisha. Kwa akili yangu ya wakati ule, niliona habari hiyo ingempa ahueni. Nashukuru kwamba sikuitoa.

Niliacha kula vizuri. Mama akaona ni malaria, akanipa klorokwini, nikajikuna siku tatu. Nilikubali kujikuna kama adhabu. Halafu siku moja ya Jumamosi nilikwenda ziwani kwa saa ile iliyoandikwa mlangoni, nikaingia mpaka magotini, nikayaomba maji yamwachie. Sikujua unayaombaje maji, nikayaamkia kwanza. Nikasema shikamoo. Nikasema kosa ni langu, na pia kidogo la Mama, na Baba hakujua lolote. Sijamaliza, nikasikia mwanamke anapiga kelele kutoka kwenye njia, “We mtoto! Toka! Hujui kuna viboko humo?” Alikuwa Mama Yohana huyo huyo na ndoo kichwani. Alinikokota kwa mkono hadi nyumbani, na njia nzima alisema kwamba nyumba isiyo na mwanamume ndivyo inavyokuwa. Nilimchukia kwa miaka mingi. Leo najua kwamba pengine aliniokoa, na bado sijampenda.

Baba alirudi mchana, kwa miguu, mwezi mwingine ukiwa umeshaandama. Lori lililomleta lilikuwa limekufa Bonga. Nilikuwa natoka dukani kuuliza chumvi, nikaona mtu mwembamba mwenye mfuko wa katani anapandisha njia, anatembea kama Baba. Sikukimbia. Niliogopa kwamba nikikimbia hatakuwa yeye. Aliponifikia ndipo niliposema, “Shikamoo Baba,” na sauti ikatoka ndogo sana.

“Marahaba, mama,” alisema. Akaweka mfuko chini, akanibeba, mtoto mzima wa miaka kumi, watu wakitazama. Mashavu yake yalikuwa yamebonyea. Nililia shingoni mwake kwa furaha ambayo sijaipata tena mpaka nilipozaa mwanangu wa kwanza.

Mama alipomwona alikwenda moja kwa moja jikoni. Alisonga ugali mkubwa kuliko kawaida, akachinja kuku aliyekuwa akitaga. Tuliketi jikoni, mlango uko wazi, mwanga unaingia. Alipomaliza kula tu ndipo Mama alipouliza.

“Ulimkuta?”

Baba alinawa mikono, akaipangusa, akanawa tena.

“Nilifika kijiji cha juu jioni,” alisema. “Kutoka pale mpaka kwenye mkono wa bahari ni mwendo wa saa moja. Nikapiga hesabu kichwani, nikapata kwamba maji yatasimama saa tano na robo. Basi sikukimbia. Nililala, nikanywa uji, nikaja taratibu. Nafika ukingoni saa tano, maji yanaingia. Yanaingia kwa nguvu, Mama Rehema. Yalikuwa yamesimama tangu saa nne kasoro, watu wote wameshavuka, mitumbwi yote iko ng'ambo. Nikatupa jani, likaondoka mbio kuelekea juu.”

Mama alimjazia maji kwenye kikombe.

“Upana wake ni kama kutoka hapa mpaka barabarani. Nauona moshi wa jiko la mama yangu. Nikaita, upepo unanirudishia. Yakianza kuingia yanapindua mtumbwi, sembuse mtu. Nikakaa chini. Saa nane nikasikia wanawake wanalia.” Alijipangusa mikono kwenye shati. “Walikuja kunichukua saa kumi, yalipojaa yakatulia. Wakaniambia asubuhi aliuliza, mwanangu bado hajafika? Wakamwambia bado.”

“Saa tano na dakika kumi na nane,” nilisema.

Walinigeukia wote wawili.

“Ndiyo niliyoandika,” nilisema. “Ile siku. Mwezi nilikuwa sijauona. Niliandika vibaya, ndiyo maana maji yalikukatalia. Nimemuua Bibi.”

Niliyasema yote kwa pumzi moja. Mama aliinua mkono akauweka mdomoni, naye akaanza kusema, “Ni mimi niliyemwambia, Baba Rehema, ni mimi, nilitaka tu aingie ndani,” lakini Baba hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ananitazama, nami nikaona anaelewa, polepole, kitu ambacho mwezi mzima nilikuwa nacho peke yangu.

“Rehema,” alisema, na hakuwa amekasirika. “Maji hayasomi mlango.”

“Ulisema utavuka kwa saa yangu.”

“Nilikuwa nakutania.”

“Mimi sikujua.”

“Kosa ni langu. Mawingu yalikuwa njia nzima, kutoka Dodoma mpaka kule. Mwezi sikuuona hata siku moja. Nikabahatisha. Mimi niliyekukataza, nikabahatisha, nikapotea siku mbili. Wewe hukuhusika. Ungeandika vyovyote vile, maji yangekwenda zao.”

Nilitikisa kichwa. Nilikuwa mtoto mbishi, na hoja yangu ilikuwa bado nzima. “Sasa wewe ulikuwa unaandika kwa nini?”

Baba alifungua mdomo kujibu. Alikuwa mtu wa kueleza vitu, nimeshasema. Aliugeukia mlango, akayatazama maandishi yangu.

“Miaka kumi na miwili,” alisema. “Alikuwa anavuka pale kabla mimi sijazaliwa. Anavuka kwa jicho lake, hana saa, hana chaki, hakujua hata kama mimi huku nahesabu. Nilidhani, mama… Nilidhani nikiendelea kumhesabia, hawezi kuondoka mimi sipo.”

Akalia. Sikuwahi kumwona baba yangu akilia, na nilishtuka kuliko nilivyoshtuka nilipouona ule mwezi. Mama alihamisha sufuria iliyokuwa kati yao, akajisogeza kwenye mkeka, akamwekea mkono begani mbele ya mtoto, jambo ambalo watu wa kwao hawalifanyi. Mimi nilibaki nilipo. Mtu angedhani nimetua mzigo, lakini sivyo nilivyojisikia. Nilikuwa nimeambiwa kwamba sina hatia, na nilikuwa nimeambiwa pia kwamba hakuna mtu anayesimamisha maji, si mimi, si Baba, na sikujua lipi nilishike.

Asubuhi Baba aliamka kama kawaida, akanawa uso, akaketi kwenye kigoda chake. Kwa mara ya kwanza alikunywa chai akiwa ameupa mlango mgongo. Nilimvumilia mpaka alipofika nusu ya kikombe.

“Baba, leo maji yanasimama saa ngapi?”

Alifikiri. Nilimwona akianza, midomo inacheza kidogo kama ilivyokuwa ikicheza siku zote alipohesabu, kisha ikatulia.

“Sijui, mama,” alisema.

Mimi nilijua. Mwezi ulikuwa wa siku ya nne, niliuona kwa macho yangu ulipoandama, na sikuwa nimeruka hata siku moja. Saa saba kasoro dakika sita. Nilimwongezea chai, na sikumwambia.